Mfumo Endeshi Mpya Ukifika Kinsevere

Kinsevere iko yapata kilomita 30 kaskazini mwa mji wa Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Shaba ya pale hutoka mgodini ikiwa mabamba, imekwisha kusafishwa kwa asidi na umeme, ikapakiwa kwenye malori yanayopitia mpaka wa Kasumbalesa na kuvuka Zambia kuelekea bandarini. Mgodi ni wa MMG, kampuni ambayo hisa zake nyingi zinashikwa na China Minmetals, na iliupata mwaka 2012 ilipoinunua Anvil Mining. Mwaka 2022 iliidhinisha upanuzi wa kuufikisha mgodi kwenye tani 80,000 za shaba kwa mwaka, pamoja na tani kati ya 4,000 na 6,000 za kobalti. Shaba ndiyo njia ya umeme ndani ya kila kompyuta, na kobalti imo kwenye betri za simu na za kompyuta za mkononi. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo.

Swali letu ni la safari ya kurudi. Kampuni ya Redmond, Cupertino au Shenzhen, yaani Microsoft, Apple au Huawei, inapotoa mfumo endeshi mpya, hutangaza kwamba umezinduliwa duniani kote. Je, dunia hiyo inaufikia mji ulio jirani na shimo la shaba? Na ukifika, unaletwa na nani? Jibu langu nalitoa mapema ili msomaji alipime njiani. Mfumo endeshi haujawahi kuteka soko kwa miguu yake wenyewe. Ni abiria. Hupanda mashine, mkataba, mtandao, au programu moja ambayo watu hawawezi kukaa bila hiyo, na anayeshika kipande cha mwisho cha barabara ndiye anayeamua kama umezinduliwa au hapana.

Tuanze na sherehe maarufu kuliko zote. Tarehe 24 Agosti 1995 Microsoft ilizindua Windows 95 kwa kishindo ambacho biashara ya kompyuta ilikuwa haijawahi kukiona. Ililipia wimbo wa Rolling Stones kwa ajili ya matangazo, jengo la Empire State la New York likawashwa taa za rangi za Windows, na gazeti la The Times la London likagawiwa bure siku ile kwa gharama ya kampuni. Katika wiki tano ziliuzwa nakala milioni 7. Wengi waliondoka pale wakiamini kwamba mfumo huuzwa kwa shangwe. Lakini miezi kadhaa kabla, IBM ilikuwa imetoa OS/2 Warp, mfumo ambao mafundi wengi waliusifu kwa uimara, na ukashindwa ingawa IBM haikuwa na upungufu wa fedha wala wa jina. Windows ilikuwa imekwisha kukaa ndani ya kompyuta zilizotoka viwandani, na waandishi wa programu walikuwa wameshachagua wamwandikie nani.

Kisa cha BeOS kinaeleza jambo hili vizuri zaidi, na nadhani hakikumbukwi vya kutosha. Jean-Louis Gassée, aliyewahi kuwa mmoja wa wakuu wa Apple, alianzisha kampuni ya Be mwaka 1990. Mfumo wake ulicheza video na sauti kwa wepesi wa kushangaza kwa wakati ule. Hitachi ilitoa kompyuta zenye BeOS ndani, lakini mnunuzi alipowasha hakuona mahali pa kuuchagua. Ilimbidi afuate maelekezo ya kuufichua. Mwaka 2002 Be ilikwenda mahakamani ikidai kwamba mikataba ya Microsoft na watengenezaji wa kompyuta ndiyo iliyoufunga mlango. Mwaka uliofuata Microsoft ilikubali kulipa dola milioni 23.25 bila kukiri kosa. Fedha hizo zilikuta Be imeshauza mali yake kwa Palm kwa dola milioni 11, yaani kesi ilileta mara mbili ya bei ya mfumo wenyewe.

Miaka 20 baada ya Windows 95, sherehe ilihamia kwetu. Windows 10 ilitolewa tarehe 29 Julai 2015 katika nchi 190 kwa mpigo, na Nairobi ilikuwa kati ya miji 13 iliyoandaliwa hafla. Mkurugenzi mkuu wa Microsoft, Satya Nadella, alichagua kuwa Kenya siku hiyo. Alifika Nanyuki, kwenye kituo cha intaneti cha mradi wa Mawingu, uliotumia umeme wa jua na masafa ya televisheni yaliyokuwa hayatumiki. Uchaguzi huo ulikuwa na hesabu yake. Mfumo ulitolewa bure kwa mwaka mmoja kwa wenye Windows 7 na 8.1, na lengo lilikuwa vifaa bilioni moja katika miaka miwili au mitatu. Bilioni haipatikani kwa kuhesabu Ulaya na Marekani peke yake.

Hata hivyo, barabara ambayo Windows 10 iliipitia ilikuwa mtandao. Mwaka 1995 mtu alibeba boksi la diski kutoka dukani. Mwaka 2015 mfumo ulishuka wenyewe kwa intaneti, gigabaiti kama 3, na baadaye ukaanza kushuka hata kwa mtu ambaye hakuuomba. Microsoft ilisema mashine milioni 14 zilikuwa nao ndani ya saa 24. Mjini Redmond hilo ni jambo la kufurahia. Mwezi Juni 2016 zikasikika habari za mradi wa Chinko, hifadhi ya wanyamapori mashariki mwa Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambako wafanyakazi walikuta kompyuta zao zinapakua Windows 10 kupitia kiungo cha satelaiti. Kiungo hicho hulipiwa kwa kila kipimo cha data, tena walikitegemea kuwasiliana na walinzi waliokuwa wakikabili majangili wenye silaha. Zawadi ya bure iliwafikia ikiwa na ankara.

Lubumbashi haina majangili hao, lakini hesabu ya mega inajulikana nyumba kwa nyumba. Mtu hununua kifurushi cha siku, akakigawa kati ya WhatsApp, Facebook na kazi. Mwaka 2020 Serikali ya Kongo ilileta RAM, rejista ya vifaa vya simu, na kuanza kukata fedha kwenye salio la wateja. Mwenye simu ya 3G au 4G alikuwa akikatwa jumla ya dola 7 hivi kwa mwaka. Makelele yalikuwa makubwa hadi tozo ikafutwa mwaka 2022. Mteja aliyepigania dola 7 kwa nguvu namna ile hawezi kuachia gigabaiti 3 zishuke usiku kucha ili apate menyu yenye sura mpya. Anayejua kompyuta kidogo huzima masasisho kabisa, na ukimwambia ni hatari kwa usalama wake atakuuliza nani atalipia mega.

Ndiyo maana Lubumbashi mzinduzi wa kweli ni fundi. Kompyuta nyingi zinazouzwa huko zimekwisha kutumika Ulaya, Marekani au Ghuba. Fundi huifuta, akachomeka flashi, akaweka Windows aliyo nayo, mara nyingi bila leseni, akaongeza Office, kicheza video na kinga ya virusi, kisha akaiweka mezani iuzwe. Vivyo hivyo katika vibanda vya sekretariati vilivyo karibu na Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), ambamo wanafunzi huchapishiwa TFC, yaani kazi zao za kumalizia masomo: kinachotakiwa ni mashine ifungue faili la Word bila kuvuruga kurasa siku moja kabla ya kuwasilisha. Mfumo unaoweza kufanya hivyo utabaki. Unaoshindwa utafutwa jioni ile ile. Sioni haja ya kuwalaumu mafundi hawa kwa wizi wa nakala na kuishia hapo. Nakala zao ndizo zilizoifanya Windows iwe lugha ya kompyuta katika nchi ambayo Microsoft yenyewe haikuwa na njia ya kuwafikia wanunuzi wa aina hiyo. Wapinzani wake waliokuja na mifumo ya bure walikuta nayo ni bure.

Hili liliwaumiza zaidi watu wa Linux. Linus Torvalds alitangaza kazi yake Agosti 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Oktoba 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akatoa toleo la kwanza la Ubuntu, na kwa miaka kadhaa kampuni yake ilituma diski bure kwa yeyote duniani aliyeomba, hadi mpango huo ulipositishwa mwaka 2011. Kati ya mipango yote ninayoijua, huo ndio uliofahamu vizuri kuliko mingine kwamba nchi nyingi zilihitaji kitu cha kushika mkononi badala ya kiungo cha kupakua. Ukawafikia wanafunzi na wapenzi wa kompyuta, ukaishia hapo, kwa sababu diski ilifika bila fundi wa mtaani wa kuitetea pale printa ilipokataa kuchapa.

Upande wa simu ndiko Afrika ilikowekwa mbele waziwazi, na huko ndiko kuna mafunzo mengi. Februari 2013 Microsoft na Huawei walitangaza simu ya Huawei 4Afrika yenye Windows Phone. Ilipangwa kuuzwa Angola, Misri, Ivory Coast, Kenya, Morocco, Nigeria na Afrika Kusini. Kongo haikuwamo. Bei ilikuwa karibu dola 150, kiasi kisicho kidogo kwa mfanyakazi wa Katanga, eneo la Lubumbashi na migodi yake, na duka la programu lilikuwa na mapengo. Baadaye Microsoft ikanunua biashara ya simu za Nokia, lakini hata hilo halikuuokoa mfumo huo. Lengo la bilioni moja la Windows 10 lilichelewa hadi Machi 2020 kwa sehemu kubwa kwa sababu simu zilizotegemewa kuijaza hesabu hazikuwapo tena.

Mozilla ilikuja na wazo zuri zaidi. Firefox OS, iliyouzwa kwanza Hispania mwaka 2013, ilijengwa kwa teknolojia ya kurasa za wavuti, ili simu dhaifu na ya bei ndogo iweze kuiendesha na yeyote ajuaye kutengeneza tovuti aweze kuiandikia programu. Mwaka 2015 kampuni ya simu ya Orange ilitangaza Klif, simu ya Firefox OS ya chini ya dola 40 kwa ajili ya masoko ya Afrika na Mashariki ya Kati. Desemba ya mwaka huo huo Mozilla ikatangaza kuachana na simu. Sababu zilikuwa nyingi, lakini ukimuuliza aliyeishika moja atakutajia ya kwanza: WhatsApp haikuwamo. Huwezi kumuuzia mtu simu ambayo ndugu zake hawamo ndani yake, hata ukiipunguza bei hadi kumi.

Mabaki ya Firefox OS yalizaa KaiOS, na walioitengeneza walilielewa kosa. Walitengeneza mfumo wa simu za vitufe, betri ya kudumu, bei karibu na dola 20. India ikaipokea kupitia JioPhone ya mwaka 2017, Google ikawekeza dola milioni 22 mwaka 2018, na WhatsApp ikaingia. Mwaka 2019 Orange ilileta Sanza kwa nchi zake za Afrika, Kongo ikiwa mojawapo, na MTN ikaleta simu yake ya bei hiyo hiyo. Kwa muda mfupi ilionekana kwamba mfumo wa tatu umezaliwa, tena umezaliwa kwa ajili ya watu kama wa kwetu. Halafu katikati ya mwaka 2024 WhatsApp ikaondolewa kwenye duka la KaiOS, na walioitumia wakaambiwa itafika mwisho mapema mwaka 2025. Hakuna aliyehujumu KaiOS. Abiria aliteremshwa tu na mwenye gari. Nafasi yake ikachukuliwa na simu za Tecno, itel na Infinix, zote za kampuni ya Transsion, zinazoendesha Android iliyovishwa sura ya kampuni. Wanunuzi wengi hawajui wala hawahitaji kujua kwamba HiOS, sura ya Tecno, na Android ni nyumba moja. Vérone Mankou wa Brazzaville, ng'ambo ya mto Kongo, alipoitoa simu ya Elikia mwaka 2012, naye alipanda Android. Alifanya la busara.

Lugha nitaipitia haraka, ingawa najua wapenzi wa Kiswahili watataka nikae. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na Microsoft ikafuata na vifurushi vya Kiswahili vya Windows XP na Office 2003. Kazi zote mbili zilikuwa za heshima, na zilitupatia istilahi tunazotumia hadi leo. Hazikubadilisha nani ananunua nini. Lubumbashi ni mfano mgumu zaidi: shuleni na ofisini mambo ya kompyuta ni Kifaransa, na Kiswahili cha mji, ambacho watumishi wa nyumbani wa zamani walikitumia mwaka 1965 kuandika historia ya mji wao chini ya jina la André Yav, hakifanani sana na cha menyu zilizoandikwa Dar es Salaam. Mtu hubaki na Kifaransa kwa sababu ndicho fundi anachokitumia kumweleza.

Kuna soko la pili mgodini kwenyewe, na kanuni zake ni za kinyume. Kiwanda cha kusafisha shaba huendeshwa kutoka chumba cha udhibiti, na mhandisi wa pale hataki kusikia uzinduzi wowote. Anataka mfumo uliokuwapo jana uwepo kesho, kwa sababu kila badiliko ni hatari ya kusimamisha uzalishaji. Lakini hatari ya kusimama hutoka nje pia. Machi 2019 Norsk Hydro ya Norway, mzalishaji mkubwa wa alumini, ilishambuliwa na programu ya kuteka data hadi baadhi ya mitambo ikaendeshwa kwa mikono. Kwa soko hili, kuzindua maana yake ni kuahidi miaka mingi ya matengenezo, na kampuni inayozindua kitu kipya kila baada ya miaka michache hukaribishwa kwa mashaka.

Je, mgeni mwingine anaweza kuingia? Anayetajwa sana ni HarmonyOS. Huawei iliitangaza Agosti 2019, miezi mitatu baada ya Marekani kuiwekea vikwazo, na kufikia Oktoba 2024 ilikuwa na toleo lisiloendesha programu za Android kabisa. Nyumbani China imefaulu, hata kuipita iOS mwaka 2024 kwa hesabu za kampuni ya utafiti wa soko ya Counterpoint, kwa kuwa huko kila kitu kilichohitajika kiliandikwa upya chini ya msukumo wa soko kubwa na wa dola. Wapo wanaodhani kwamba kwa sababu migodi mingi ya Katanga ina wenye hisa wa Kichina, mfumo huo utapita mlango huo huo. Mimi sidhani. Mwenye mgodi hamchagulii mchimbaji simu. Harmony itafika Lubumbashi siku WhatsApp na huduma za fedha kwa simu zitakapofanya kazi humo bila kuzungukazunguka, na kabla ya hapo itabaki kwenye simu za wageni.

Linaloikabili Katanga sasa si mfumo mpya kuingia. Ni wa zamani kuondolewa. Windows 11, iliyotolewa tarehe 5 Oktoba 2021, ilivunja desturi ya miaka mingi ya kukubali mashine za zamani. Inadai kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na kichakata cha Intel cha kizazi cha 8 au kipya zaidi, yaani takriban cha kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha matengenezo ya kawaida ya Windows 10. Kampuni na ofisi za Ulaya zitatupa mashine zisizokidhi, na mashine hizo ndizo zitakazojaa kwenye makontena ya kuja kwetu, zikiwa na bei nzuri na mfumo usiozibwa matundu. Fundi anaweza kuilazimisha Windows 11 iingie, mbinu zipo. Lakini mashine itakuwa imekaa nje ya ahadi ya mtengenezaji, na siku sasisho likiivunja hakuna wa kumlalamikia.

Hapa ndipo uzinduzi unapokutana na shimo la shaba. Kila mashine inayostaafishwa na tarehe ya programu, ilhali bado inawaka, inahitaji mbadala wenye shaba mpya na kobalti mpya. Desemba 2019 familia za Wakongo zilishtaki kampuni 5 mjini Washington kuhusu watoto waliofia au kuumia kwenye mashimo ya kobalti ya wachimbaji wadogo. Kati ya hizo 5, tatu zilikuwa Apple, Microsoft na kampuni mama ya Google, yaani wenye mifumo endeshi mikubwa ya dunia. Machi 2024 mahakama ya rufaa iliamua kwamba kununua kobalti kwenye mnyororo wa ugavi hakutoshi kuzifanya washiriki. Kisheria mlango ule ulifungwa. Kongo yenyewe ilichukua njia nyingine: Februari 2025 ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ili bei ipande, na Oktoba ikaweka viwango, tani 96,600 kwa mwaka kwa mwaka 2026 na 2027. Nchi inayoweza kufunga bomba la kobalti ina sauti mezani. Sijaisikia ikiitumia kuuliza kompyuta zidumu miaka mingapi.

Msomaji mwenye kompyuta ya Windows 10 nyumbani asisubiri jibu la meza hiyo. Microsoft imeweka masasisho ya usalama ya ziada hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kwa watumiaji binafsi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya ni bure. Kwa wengine ni dola 30, au bure kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake kwenye akaunti ya Microsoft. Njia hiyo ya pili inawezekana pia Lubumbashi, mradi nakala yako iwe halali. Muulize fundi wako leo kama mashine yako ina leseni, na kabla ya kununua nyingine mwambie akuonyeshe kizazi cha kichakata. Kikiwa chini ya cha 8, shusha bei au mwombe akuwekee Linux mbele ya macho yako, printa ikiwa imechomekwa.